Makuta ya kila Machi: "income tax" ya Marekani inavyofika Uvira, na kwa nini kuna mwaka haifiki

Mwezi wa pili unapokaribia kwisha, kuna swali moja linalopita kwenye WhatsApp za familia nyingi hapa Uvira: "income tax" imetoka? Linaulizwa Kalundu, Kasenga na Kavimvira, linaulizwa pia kwenye njia ya Fizi, Makobola hadi Mboko. Wengi wanaouliza hawajawahi kujaza karatasi ya kodi maishani mwao. Wanachojua ni kwamba mtoto wao, kaka yao au shemeji yao, aliyetoka kambi ya Nyarugusu kule Kigoma akapelekwa Marekani, hutuma makuta mengi mara moja kwa mwaka, na kwamba makuta hayo yana jina hilo la Kiingereza. Ndiyo yananunua mabati, ndiyo yanalipa madeni ya minervale, ndiyo yanamalizia mahari iliyobaki.

Jina lenyewe linashangaza. "Income tax" ni kodi ya mapato. Kodi ni kitu mtu anatoa. Hapa Uvira mama anayeuza ndagala anaijua kodi kwa mkono wa anayekuja kuichukua, hajaona hata siku moja mkono huo ukirudi na kitu. Sasa inakuwaje kule ng'ambo kodi itoe makuta?

Nilianza kulifuata swali hili kwa sababu ya shangazi yangu. Usiku wa tarehe 16 kuamkia 17 Aprili 2020, mto Mulongwe ulipofurika na kuingia mjini, makumi ya watu walikufa na maelfu ya nyumba zilibomoka. Nyumba ya shangazi ilikuwa moja kati ya hizo. Mwaka mzima alikaa kwa watu. Halafu, Julai 2021, mtoto wake aliye Marekani, anayefanya kazi kwenye kiwanda cha nyama na mwenye watoto watatu, akaanza kutuma makuta kila mwezi. Agosti ikafika. Septemba ikafika. Shangazi alikuwa amezoea kupata kitu mara moja kwa mwaka, sasa akaona mambo yamebadilika. Akaingia kwenye likilimba ya akina mama wa avenyu yao, akaomba apewe zamu ya kwanza, akanunua matofali na mabati, akaahidi kulipa sehemu yake kila mwezi kwa yale yanayotoka ng'ambo.

Januari 2022 hayakufika. Februari pia. Shangazi akabaki na deni la likilimba na nyumba isiyo na mlango. Akasema ni mkwe wake, yule bibi wa mtoto, ndiye anayefunga mkono wa mume. Kwa miezi mingi hawakusemezana. Na mtoto mwenyewe hakuweza kumweleza mama yake, kwa sababu naye hakuelewa: alikuwa anaona makuta yanaingia kwenye akaunti yake ya banki tarehe 15 ya kila mwezi, halafu siku moja hayakuingia tena.

Hakuna aliyemfungia mkono. Kilichotokea ni sheria ya kodi iliyopitishwa kwa mwaka mmoja tu, na mwaka ukaisha.

Krediti isiyo deni

Makuta hayo yanatoka kwenye kitu ambacho kwa Kifaransa wanaita "crédit d'impôt", tuseme krediti ya kodi. Neno hili linatuchanganya. Kwetu krediti ni deni la dukani, au ni unité za simu. Nimeshasikia watu wakidai kwamba serikali ya Marekani inakopesha watu mwanzoni mwa mwaka na kuja kuwadai baadaye. Sivyo. Krediti ya kodi ni kiasi ambacho sheria inakuandikia upande wako, kama vile muuza duka anapoandika kwenye daftari kwamba una kitu chako kwake. Siku ya kuhesabu kodi, kiasi hicho kinaondolewa kwenye ile unayodaiwa.

Kuna aina nyingine ya nafuu ambayo watu huichanganya na hii, nayo ni kupunguza mapato kabla ya kuyahesabia kodi. Tofauti ni kubwa. Tuseme kiwango cha kodi ni 15 kwa mia. Ukiruhusiwa kupunguza dola 1,000 kwenye mapato yako, umeokoa dola 150 tu. Ukipewa krediti ya dola 1,000, umeokoa dola 1,000 nzima, maana imekata kodi yenyewe.

Halafu inakuja sehemu inayotuhusu sisi tunaongoja Machi. Tuseme kodi yako ya mwaka ni dola 400 na krediti yako ni dola 1,000. Zile 600 zinazozidi zinakwenda wapi? Hapo nchi zinatofautiana. Kenya, kwa mfano, kila mfanyakazi wa mshahara anapewa nafuu ya shilingi 2,400 kwa mwezi. Kodi yake ikiwa shilingi 5,000, analipa 2,600. Kodi yake ikiwa 2,000, halipi kitu, lakini zile 400 zinazobaki hazipati. Krediti inasimama kwenye sifuri. Ziko krediti nyingine ambazo hazisimami hapo: serikali inakutumia hata kile kilichozidi, kwa hundi au kwenye akaunti. Mtu ambaye hadaiwi kodi hata dola moja anaweza kupokea maelfu. Hiyo ndiyo "income tax" ya Uvira.

Marekani ilianza mtindo huo mwaka 1975, kwa krediti ya wafanyakazi wenye mapato madogo, inayojulikana kwa herufi EITC. Wazo lilikuwa kumsaidia maskini anayefanya kazi bila kumpa kile ambacho wapinzani wangekiita pesa za bure: usipofanya kazi hupati, ukifanya kazi kidogo unapata kidogo, ukiongeza kazi inaongezeka mpaka kilele, halafu mshahara ukipanda sana inaanza kupungua hadi iishe. Mwaka 1997 ikaongezwa krediti ya watoto. Wanasiasa wa pande zote mbili wanapenda njia hii kwa sababu moja ambayo hawaisemi sana: kutoa msaada kwa jina la kupunguza kodi hakuonekani kama kutoa msaada.

Tuchukue mfano wa mama mmoja asiye na mume, mwenye watoto watatu wadogo, anayepata dola 28,000 kwa mwaka mzima wa 2024. Kwa kule huo ni mshahara mdogo, nyumba peke yake inameza sehemu kubwa. Kodi yake ya mapato kwa serikali kuu inakuwa kama dola 600. Krediti ya watoto inaifuta yote na kumbakizia karibu dola 3,800 za kurudishiwa. EITC inamwongezea karibu dola 6,700. Jumla inapita dola 10,000, na zinaingia siku moja. Ukiona mtu wa Uvira aliye Marekani ananunua gari la mtumba mwezi wa tatu na kutuma mabati mwezi huohuo, usidhani amepandishwa cheo. Ni malipo ya mwaka mzima yaliyokuja mara moja.

Na sababu ya kuja Machi iko wazi pia. Sheria inaikataza ofisi ya kodi ya Marekani, IRS, kutoa marudisho yenye krediti hizi kabla ya katikati ya Februari, ili ipate muda wa kukagua udanganyifu. Wanaojaza karatasi zao mapema huanza kupokea mwisho wa Februari au siku za kwanza za Machi. Wale wa Kanada mambo yao ni mengine: kule malipo ya watoto yanapita pia kwenye ofisi ya kodi, lakini yanatolewa kila mwezi. Familia yenye mtoto mmoja Kanada na mwingine Marekani inaona mmoja anatuma kidogo kidogo na mwingine anatuma kwa mkupuo, na inaanza kuwalinganisha roho zao.

Miezi sita ya 2021

Sasa turudi kwa shangazi. Mwaka 2021, kwa ajili ya matatizo ya korona, Marekani iliongeza krediti ya watoto kwa mwaka mmoja: dola 3,600 kwa mtoto wa chini ya miaka 6, na dola 3,000 kwa mtoto wa miaka 6 hadi 17. Iliamua pia kwamba nusu ya krediti hiyo itolewe mapema, kila mwezi, kuanzia tarehe 15 Julai hadi Desemba. Kwa mtoto wa shangazi, mwenye watoto wa miaka 4, 9 na 13 wakati huo, hesabu ilikuwa dola 300 jumlisha 250 jumlisha 250, yaani dola 800 kwa mwezi, kwa miezi sita. Hizo ndizo zilizonunua matofali ya Mulongwe.

Bunge la Marekani halikuongeza muda. Januari 2022 malipo ya kila mwezi yakasimama. Nusu ya pili ya krediti ilikuja baada ya kujaza karatasi za mwaka, na tangu hapo kiasi kikarudi kwenye dola 2,000 kwa mtoto, tena si zote zinazorudishwa kwa mwenye mapato madogo. Takwimu za serikali yao zinaonyesha vizuri kilichotokea: umaskini wa watoto, kwa kipimo kinachohesabu misaada na krediti, ulishuka hadi 5.2 kwa mia mwaka 2021, halafu ukapanda hadi 12.4 kwa mia mwaka 2022. Wachumi wa Washington waliandika mengi juu ya namba hizo. Hakuna aliyehesabu nyumba za Uvira zilizobaki bila mlango, na kwa kweli haikuwa kazi yao.

Ninachokiona hapa ni kwamba familia zetu zinaingia kwenye madeni kwa kutegemea sheria ya bajeti ya nchi nyingine, bila kujua kwamba ni sheria ya bajeti. Tunadhani ni moyo wa mtu. Makuta yakija tunasema ana moyo mzuri, yasipokuja tunasema amebadilika.

Mtoto ni nani?

Kuna jambo lingine linaloleta maneno zaidi ya kiasi chenyewe. Watu wa huku husikia kwamba "income tax" inatolewa kwa hesabu ya watoto. Basi bibi aliyebaki Uvira akilea wajukuu wanne anasema: hawa nao wamehesabiwa, iko wapi sehemu yao?

Mara nyingi hawakuhesabiwa, na hawakuweza kuhesabiwa. Kwa krediti ya watoto, mtoto lazima awe na chini ya miaka 17, awe na namba ya Social Security, na awe ameishi nyumba moja na anayemwombea kwa zaidi ya nusu ya mwaka, kulekule Marekani. Mtoto aliyebaki Kasenga au Nyarugusu hana nafasi kwenye karatasi hiyo, hata kama baba yake anamlipia masomo, chakula na dawa. Yule anayemlea huku hapati kwa sababu hayuko kule, na yule aliye kule hapati kwa sababu mtoto yuko huku. Kwa familia ambazo vita na kambi vimezigawanya, hilo linauma, hasa sasa ambapo mpango wa kupokea wakimbizi Marekani umesimamishwa tangu Januari 2025 na wengi waliokuwa wamekwisha kupita mahojiano wamebaki palepale.

Undugu nao unahesabiwa kwa namna yao. Kwetu mtoto wa baba mkubwa ni kaka yangu, na watoto wake ni watoto wangu, hakuna anayeuliza. IRS inauliza. Inakubali mtoto wa kuzaa, wa kambo, wa kupanga kwa sheria, ndugu wa tumbo moja au wa mzazi mmoja, na wale waliozaliwa nao: mjukuu, mpwa. Kwa hiyo mtu anayeishi na watoto wa dada yake, labda kwa sababu dada alifia vitani, anaweza kuwaombea krediti kama anaishi nao na wana namba zao. Wengi hawalijui hilo na wanaacha haki yao ipite. Lakini mtoto wa binamu, hata akiwa amelelewa na wewe tangu Nyarugusu na anakuita baba, haingii kwenye krediti ya watoto wala EITC kama hakuna karatasi ya korti au ya shirika la malezi iliyomweka kwako. Anaweza kuleta krediti nyingine ndogo, ya dola 500, kwa mtegemezi aliyeishi nawe mwaka mzima.

Hapo ndipo wanaingia wale wajanja. Katika kila mji wenye Wakongo wengi kuna mtu anayejulikana kwamba "anatoa nyingi". Anajaza karatasi, anaongeza mtoto wa jirani, anaandika mapato ya biashara ambayo haipo ili EITC ifike kileleni, anakata asilimia yake, na haweki sahihi yake popote. Makuta yanakuja kweli, mwaka wa kwanza. Barua ya IRS inakuja baadaye, kwa jina la mwenye karatasi. Ikionekana alifanya uzembe, anafungiwa krediti hizo miaka 2. Ikionekana alidanganya kwa kusudi, miaka 10, na anarudisha alichopokea pamoja na faini. Miaka 10 ni utoto mzima wa mtoto mdogo. Sheria inamtaka kila anayelipwa kujaza karatasi ya mwingine aweke sahihi na namba yake, akikataa, mkimbie. Kwa wenye mapato madogo kuna huduma ya bure iitwayo VITA, inayofanyika kwenye maktaba, makanisa na vituo vya jamii. Na aliyeacha mwaka bila kudai ana miaka 3 ya kurudi nyuma, baada ya hapo haki yake inapotea.

Na sisi huku?

Nilipomweleza shangazi haya yote, aliuliza swali moja tu: kwa nini serikali yetu haina kitu kama hicho? Nilikuwa karibu kujibu kwamba haina. Kisha nikakumbuka kwamba inacho, lakini kimewekwa mahali ambapo yeye hapiti.

Kodi ya mshahara tuliyoizoea, IPR, ina nafuu ya familia. Kodi inapunguzwa kwa 2 kwa mia kwa kila mtu unayemlea nyumbani mwako, hadi watu 9. Mke, watoto, hata wazazi wa pande zote mbili kama wanakaa kwako. Kwa hili sheria ya Kongo inamjua mama mkwe, ambaye IRS haimpi krediti ya mtoto wala EITC. Tuchukue mshahara wa franga 600,000 kwa mwezi, baada ya kukata CNSS. Franga 162,000 za kwanza zinalipiwa 3 kwa mia, zinazobaki 15 kwa mia. Inakuwa franga 70,560. Ukiwa na watu watano wa kulea, inapunguzwa kwa 10 kwa mia, yaani franga 7,056. Si nyingi, ni ndoo ndogo ya ndagala kama msimu ni mzuri. Na inasimama kwenye kodi yenyewe: usipolipa IPR, hupati kitu. Tena wangapi Uvira wana mshahara wa karatasi? Walimu, watu wa ofisi, wa mashirika. Mvuvi wa Kalundu hayumo, dereva wa pikipiki hayumo, mama wa soko hayumo.

Mwenye biashara ndogo anatozwa kwa njia nyingine. Anayeuza kwa mwaka kati ya franga milioni 10 na milioni 80 anahesabiwa 1 kwa mia ya mauzo ya bidhaa, au 2 kwa mia ya huduma. Aliye chini ya hapo analipa kiasi kimoja cha mwaka. Watoto hawaulizwi. Mjane mwenye saba na kijana asiye na hata mmoja wanalipa sawa, na karatasi ndogo za soko na za barabara zinakuja juu ya hapo.

Krediti kubwa za kodi nchini mwetu ziko kwenye TVA. Tangu Januari 2012 TVA ni 16 kwa mia. Mfanyabiashara mkubwa anayeingiza mabati ya dola 10,000 kupitia Kavimvira analipa duane TVA ya dola 1,600. Akiyauza kwa dola 12,000, anatoza wateja TVA ya dola 1,920. Anaipelekea DGI tofauti yake, dola 320, kwa sababu zile 1,600 ni krediti yake. Mwezi ule akiuza kidogo, kwa dola 8,000, ametoza 1,280 tu. Zile 320 zilizozidi zinabaki kwenye daftari lake kwa mwezi unaofuata. Wanaouza nje ya nchi hawatozi TVA kwa wateja wao, kwa hiyo krediti inajaa, na serikali inapaswa kuwarudishia. Haikuwarudishia kwa wakati. Kampuni za madini za Katanga zilifikia kuidai serikali mamia ya mamilioni ya dola. Sheria iliahidi, kasha halikuwa na kitu.

Lakini ili uwe na krediti hiyo lazima uwe umeandikishwa, na mpaka ni mauzo ya franga milioni 80 kwa mwaka. Shangazi aliponunua mabati yake, TVA ilikuwa ndani ya bei. Ilisimama kwake. Hana wa kumdai.

Wawekezaji nao wana sheria yao ya 2002. Mradi uliokubaliwa ukiwekwa Kinshasa unasamehewa kodi ya faida miaka 3, na ukiwekwa majimbo kama Kivu ya Kusini, miaka 5, ili watu wavutwe kuja huku mbali. Wazo ni zuri kwenye karatasi. Lakini msamaha wa kodi ya faida unamsaidia aliyefikia kupata faida. Kiwanda cha sukari cha Kiliba, mwendo mfupi kutoka hapa, kilisimama kwa vita ya 1996, na hakuna msamaha wa kodi unaoweza kufukuza wenye bunduki shambani mwa miwa. Tangu Februari 2025, Bukavu ilipoingia mikononi mwa M23 na serikali ya jimbo ikahamia Uvira, mfanyabiashara wa huku ana hesabu nyingine kabisa: analipa upande gani wa barabara, na mara ngapi.

Kilichobadilika

Kuna mambo mawili ambayo familia zinazongoja zinapaswa kuyajua kabla ya kupanga chochote. Sheria iliyosainiwa Marekani tarehe 4 Julai 2025 imepandisha krediti ya watoto hadi dola 2,200 kwa mtoto, kuanzia na kodi ya mwaka 2025. Hilo halimaanishi kwamba kila mtu ataongezewa 200 mkononi, kwa sababu sehemu inayorudishwa kwa mwenye mapato madogo bado ina mpaka wake. Na sasa mtoto kuwa na namba ya Social Security hakutoshi, mzazi naye lazima awe nayo.

La pili linagusa makuta yakiwa njiani. Kuanzia tarehe 1 Januari 2026, anayetuma nje ya Marekani kwa pesa taslimu anakatwa kodi ya 1 kwa mia. Kwenye dola 500 ni dola 5. Anayetuma kutoka kwenye akaunti yake ya banki, au kwa kadi ya banki ya Marekani, hakatwi. Ndugu yako akizoea kwenda dukani na noti mkononi, mwambie mapema afungue njia nyingine.

Shangazi alimaliza deni la likilimba mwaka 2023. Na mkwe wake wameshazungumza. Mimi ndiye niliyeshika simu, na sehemu kubwa ya maongezi ilikuwa kuhusu mtoto wa kwanza, aliyekuwa na miaka 13 yale makuta yalipoanza na ambaye sasa ametimiza 17. Nililazimika kumweleza shangazi kwamba kwa krediti ya watoto huyo amekwisha kutoka kwenye hesabu. Akanyamaza kidogo, akahesabu kwa vidole, akauliza yule wa pili ana miaka mingapi.